Nani Anamlipia Tabibu Nauli ya Las Vegas?

 

Waumini wamezoea kusikia katika hutuba na darsa kwamba kamari ni haramu, na jambo hilo halina khitilafu baina ya wanazuoni. Makala haya hayaandikwi ili kuthibitisha lililokwisha kuthibiti. Yanaandikwa kuhusu mlango mwingine ambao wengi hawautazami, nao ni mlango wa tiba. Leo mtu aliyenasa katika kamari anahesabiwa na madaktari kuwa ni mgonjwa. Wapo matabibu na wanasihi waliosomea kumtibu, wanayo makongamano yao, na kwa wale wasiokuwa na uwezo wa kujilipia hutangazwa ufadhili wa kuhudhuria, yaani husamehewa ada ya kongamano na mara nyingine hulipiwa nauli na malazi. Kwa sura yake hilo ni jema. Swali letu ni moja tu: fedha za ufadhili huo zinatoka katika mfuko wa nani?

Tuanze na Marekani, kwa kuwa huko ndiko mpango huu ulikokomaa. Mwaka 1996 wenye kasino walianzisha taasisi iliyoitwa National Center for Responsible Gaming, yaani kituo cha taifa cha uchezaji kamari wenye uwajibikaji. Kampuni ya Boyd Gaming, yenye majumba ya kamari Las Vegas, iliahidi dola 875,000 kwa muda wa miaka kumi ili kituo kisimame, na makampuni mengine yakafuata. (Gawanya kwa kumi: ni dola 87,500 kwa mwaka. Biashara hiyo nchini Marekani, bila ya kuhesabu kasino za makabila ya wenyeji, iliingiza takriban dola bilioni 72 katika mwaka 2024 peke yake.) Mwaka 2020 kituo kikabadilisha jina, pakaondoshwa neno "taifa" na kuwekwa "kimataifa". Kimetoa fedha za utafiti kwa vyuo vikuu, vikiwemo vyenye hadhi ya Harvard, na kwa miaka mingi kiliendesha kongamano lake juu ya kamari na uraibu hukohuko Las Vegas, karibu na siku za maonyesho makubwa ya biashara ya kamari, ambamo mashine mpya huoneshwa kwa wanunuzi. Mnasihi anayetoka mji mdogo hupewa ufadhili, akaja kusikiliza mihadhara juu ya ubongo wa mraibu. Jirani yake, katika ukumbi mwingine, wapo wahandisi wanaoeleza namna ya kumfanya mraibu huyohuyo asinyanyuke kitini.

Lipo na baraza kongwe zaidi, National Council on Problem Gambling, lililoanzishwa mwaka 1972, mwaka ambao daktari Robert Custer alianza kuwatibu wacheza kamari katika hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Brecksville, Ohio. Insafu inatulazimisha kusema kwamba baraza hili limefanya kazi. Lina simu ya msaada inayopokewa usiku na mchana, na lilianza wakati ambapo mcheza kamari hakuwa akionewa huruma na yeyote isipokuwa mama yake. Hata hivyo baraza hutangaza kwamba haliungi mkono kamari iliyo halali kisheria wala haliipingi, na katika orodha ya wanaolisaidia yamo makampuni ya kamari yenyewe. Mwaka 2021 ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ililiahidi baraza hilo dola milioni 6.2 kwa miaka mitatu. Ligi hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa walioishitaki serikali ya jimbo la New Jersey mwaka 2012 ili kuzuia kubeti kwenye michezo. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha sheria iliyokuwa inazuia, na mwaka 2021 ligi ikatia saini mikataba na Caesars, DraftKings na FanDuel. Mkataba wa kamari kwa mkono mmoja, msaada kwa wahanga wa kamari kwa mkono wa pili, na mwaka ni uleule.

Huenda muumini akauliza: ya Las Vegas yanatuhusu nini sisi tunaoswali Tanga, Mombasa au Ujiji? Yanatuhusu, kwa sababu biashara inaposafiri husafiri na mganga wake. Kamari imehalalishwa kwa sheria za nchi zetu zamani. Tanzania inayo sheria ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, na Kenya ilikuwa na yake tangu 1966. Tofauti ya zama hizi ni simu. Fedha inaingia katika simu, na kamari imo ndani ya simu hiyohiyo, na baina ya mshahara na hasara hakuna tena hata mwendo wa kutoka nyumbani. Mwezi Aprili 2025 mamlaka za Kenya zililazimika kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 kutokana na hali ya vijana, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria mpya. Vijana wetu wa Tanzania wameipa karatasi ya kubeti jina la "mkeka". Angalia jina waliloliona linafaa: kitu kinachotandikwa msikitini. Basi pale palipo na wagonjwa wengi, na palipo na makampuni yenye fedha nyingi, ufadhili wa kuwafundisha matabibu utakuja, na utakuja kwa lugha tamu. Ni vyema tuujue kabla haujabisha hodi.

Sasa tuirejee elimu yetu, kwani wengi wanadhani kwamba jambo la mcheza kamari kutoa sadaka ni jipya, na kwamba Qur'an imekuja kukataza kamari ya walafi tu. Sivyo. Waliotazama tafsiri, kama Zamakhshari katika Al-Kashshaf, wameeleza namna maysir ya Waarabu wa Jahiliya ilivyokuwa. Ngamia alinunuliwa na kuchinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, na mishale kumi ikatiwa katika mfuko. Saba ilikuwa na hisa, tatu ilikuwa mitupu. Aliyetokewa na mshale wenye hisa alichukua nyama, na aliyetokewa na mtupu alilipa thamani ya ngamia asile kitu. Na mshindi alifanya nini na nyama yake? Aliwagawia mafakiri! Haikuwa murua kwao kula walichoshinda. Walijifakharisha kwa ukarimu huo, na mtu aliyejitenga na mchezo wao walimpa jina la kumdharau, wakamhesabu bakhili asiyejali wenye njaa.

Kwa hiyo Mwenyezi Mungu (s.w.) aliposema katika Suratul-Baqarah, aya ya 219, kwamba katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na mna manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, wafasiri wamelitaja tonge hilo la mafakiri kuwa ni katika manufaa yaliyokusudiwa. Sadaka ile ilijulikana na ikapimwa. Haikuiokoa kamari. Ilipoteremka aya ya 90 ya Suratul-Maidah, na iliyoifuata yenye kutaja uadui, chuki, na kuzuiliwa watu na kumkumbuka Mola wao na kuswali, halikubakishwa fungu maalumu la kamari kwa ajili ya wenye njaa. Anayekuja leo na hundi mkononi akisema, "Tazameni tunavyowajibika kwa jamii," hajaleta hoja mpya. Hiyo ni hoja ya Makka kabla ya Uislamu, na ngamia amegeuzwa kongamano.

Lakini hebu tuiache hukumu ya kamari yenyewe, tuseme na tabibu peke yake. Huyu si mcheza kamari. Hana kasino. Amepewa nauli na kitanda cha siku tatu, akaenda kutafuta elimu ya kuwasaidia watu. Ana kosa gani?

Jawabu limo katika tukio mashuhuri lililopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd As-Saidiy (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea akatenga mali mafungu mawili. Moja akasema ni lenu, la pili akasema hili nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari kwa ajili ya jambo hilo, na hoja aliyoitoa ni ya namna ya swali: lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi ingemfuata? Zingatieni kwamba hakuulizwa kama amemwibia mtu. Hakuulizwa hata kama zawadi imembadilisha hesabu. Iliangaliwa sababu ya zawadi kuja, ikaonekana kwamba haikuja kwa mtu, imekuja kwa kazi yake.

Kipimo hicho tukiweke juu ya ufadhili tunaouzungumzia. Mnasihi huyu lau angekuwa fundi seremala, je, kampuni ya kamari ingemlipia hoteli? Imemlipia kwa kuwa yeye ndiye anayewaona walioharibika. Yeye ndiye atakayeitwa na kamati ya bunge kutoa ushahidi siku sheria itakapojadiliwa, na maneno yake ndiyo yatakayoaminiwa pale maneno ya kampuni yatakapokataliwa. Hicho ndicho kinachonunuliwa, na hakinunuliwi kwa uongo. Hapana mtu anayemwambia tabibu aseme kwamba kamari ni dawa. Linalotakiwa kwake ni dogo zaidi: azungumze juu ya mgonjwa, asizungumze juu ya anayemgonjesha.

Imamu Al-Ghazali, katika kitabu cha Ihya, kwenye mlango wa halali na haramu, amerefusha maneno juu ya fedha za masultani na wanazuoni wanaozipokea. Alilolibainisha ni kwamba watawala wa zama zake hawakuwa wakitoa isipokuwa kwa yule waliyetaraji kumtumia, akavipamba vikao vyao, akawasifu wakiwapo na akawasitiri wasipokuwapo. Mwanachuoni hakutakiwa kughushi fatwa. Kuonekana kwake kikaoni kulitosha. Jina la mnasihi mwenye shahada likiandikwa katika ukurasa mmoja na nembo za wafadhili ni kikao cha sultani kwa sura ya leo.

Pana watakaosema kuwa hii ni dhana mbaya, na dhana mbaya imekatazwa. Basi na tutazame hesabu. Mwaka 2020 kamati ya Baraza la Malodi la Uingereza iliripoti kwamba asilimia 60 ya faida ya biashara ya kamari inatoka kwa asilimia 5 ya wateja, nao ni wale ambao tayari wana tatizo au wamo katika hatari ya kulipata. Huko Australia, tume ya serikali ya tija ilikadiria mwaka 2010 kwamba takriban asilimia 40 ya fedha zinazoingia katika mashine za kamari zinatoka kwa wenye tatizo. Maana ya hesabu hizi ni nzito. Mwenye duka la kawaida haathiriki mteja mmoja mwenye maradhi akipona. Mwenye kamari anaathirika. Lau matabibu wote wangefaulu katika kazi yao kesho asubuhi, sehemu kubwa ya faida ingetoweka kabla ya adhuhuri. Mwenye akili hamfadhili mtu amvunjie nyumba. Akimfadhili, basi ana hakika kwamba nyumba haitavunjika.

Na hakika hiyo ameipata wapi? Ameipata katika maneno. "Kamari yenye uwajibikaji": anayewajibika ni nani hapo? Ni mchezaji. Yeye ndiye ajiwekee kikomo, ajizuie, ajitazame kama ana dalili. Mashine iliyotengenezwa ili imlize haiwajibiki kwa lolote. Mtafiti Natasha Dow Schüll, aliyekaa miaka mingi akiwachunguza wacheza mashine wa Las Vegas na wanaozitengeneza, alichapisha kitabu mwaka 2012 kueleza jinsi kiti, mwanga, kasi na hata matokeo ya kukaribia kushinda yanavyopangwa ili mtu apotelee humo. Ugonjwa haumo ndani ya kichwa cha mgonjwa peke yake, umo pia katika karakana. Lakini mwenye karakana akiwa ndiye mwenye mfuko wa utafiti, maswali mengi yatahusu kichwa. Mwaka 2014 watafiti wa chuo cha Goldsmiths, London, walitoa ripoti yao iitwayo Fair Game baada ya kuwahoji watafiti wa kamari wenyewe, na ikabainika jinsi utegemezi wa fedha za biashara hiyo unavyoelekeza kinachoulizwa na kinachoachwa.

Njia hii ilishapitwa na wenye tumbaku. Mwaka 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yaliunda kamati ya utafiti, yakawaahidi wananchi kwamba yatatafuta ukweli kwa gharama yao. Waliajiriwa wanasayansi wa kweli, wakapewa fedha za kweli, wakafanya tafiti za kweli, na watu wakaendelea kufa kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi baraza lililorithi kamati hiyo lilipofungwa kwa masharti ya suluhu ya mwaka 1998 baina ya makampuni na majimbo. Leo daktari wa mapafu akipokea nauli ya kampuni ya sigara ataonewa haya na wenzake. Sijui kwa nini daktari wa kamari asionewe.

Tuje kwenye hoja yao iliyo na nguvu, kwani si uadilifu kujibu dhaifu na kuikwepa yenye nguvu. Wanasema: fedha hizi zimekwisha kuchukuliwa kwa watu. Zikibaki kwa kampuni zitatengeneza tangazo jingine. Zikitoka zitamfundisha mnasihi, naye ataokoa familia. Na nyinyi mafakihi si ndio mnaosema kwamba aliye na mali ya haramu asiyemjua mwenyewe aitoe katika maslahi ya watu?

Ni kweli, mafakihi wamesema hivyo, akiwemo Al-Ghazali, na An-Nawawi ameyanukuu katika Al-Majmu'. Ila wameyasema kwa mtu aliyetubu. Anataka kujivua, na hajui amrudishie nani. Mwenye kasino hajavua kitu. Anatoa senti kwa mkono wa kushoto na wa kulia ungali mfukoni mwa mtu, na hiyo senti anaiandika katika hesabu zake kuwa ni gharama ya kulinda biashara. Zaidi ya hayo, katika wengi wa walioliwa mwenyewe anajulikana! Kampuni za simu na za kamari zinayo majina yao, namba zao na kila shilingi waliyoiweka. Kama nia ni kurejesha, anwani zipo.

Tena hatusemi kwamba wenye kamari wasilipe. Tunasema walipe bila ya kuchagua. Kanuni ya mafakihi kwamba anayepata faida ya jambo ndiye abebe hasara yake inawabana wao kabla ya mtu mwingine. Khitilafu yetu ni juu ya mkono unaotoa. Baina ya zawadi na dhamana kuna umbali mkubwa: anayetoa zawadi anashukuriwa na anaweza kusita mwakani, na anayelipa dhamana analipa kwa hukumu, hashukuriwi, wala hana kauli juu ya matumizi yake. New Zealand ililitambua hilo katika sheria yake ya kamari ya mwaka 2003. Wenye biashara wanatozwa tozo, serikali inaikusanya, na tiba inasimamiwa na mamlaka ya afya. Uingereza ilichelewa. Kwa miaka mingi iliziacha kampuni zichangie kwa hiari mfuko wa hisani uliokuja kuitwa GambleAware. Kisha huduma ya afya ya England, NHS, ikatangaza kwamba kuanzia Aprili 2022 kliniki zake za kamari hazitapokea tena fedha za mfuko huo, kwa kuwa wagonjwa wenyewe hawakuridhika kutibiwa kwa fedha za waliowaharibu na madaktari waliona mgongano wa maslahi. Kuanzia Aprili 2025 ikawekwa tozo ya lazima inayotarajiwa kuleta paundi milioni 100 kwa mwaka, nusu yake kwa ajili ya tiba, asilimia 30 kinga na asilimia 20 utafiti. GambleAware nayo ikatangaza mwaka huohuo kwamba itafunga kazi zake ifikapo mwisho wa Machi 2026. Nchini Marekani mswada uliowasilishwa mwaka 2024 ulitaka nusu ya kodi ya shirikisho ya kubeti michezo ipelekwe katika tiba na utafiti. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hakuna njia nyingine.

Na upo ushahidi ulio fasaha kuliko sheria zote hizo. Mwaka 1957, mjini Los Angeles, wacheza kamari waliofilisika walianza kukutana ili kusaidiana kuacha, wakajiita Gamblers Anonymous. Hao ni watu waliopoteza nyumba, ndoa na heshima. Na katika misingi yao wakaweka kwamba jumuiya ijitegemee kwa michango ya wanachama wenyewe, na isipokee msaada kutoka nje. Waliofilisika wanakataa, na wenye shahada wanajaza fomu! Hao wa kwanza si Waislamu kwa kundi lao, lakini katika jambo hili wameielewa hikima ya hadithi ya Ibn al-Lutbiyya kuliko wengi wanaoisoma.

Ripoti ya jopo la jarida la kitabibu la The Lancet Public Health ya Oktoba 2024 imekadiria kwamba watu wazima milioni 80 duniani wana uraibu wa kamari au uchezaji wenye matatizo, na ikataka utafiti na sera vilindwe na ushawishi wa wenye biashara hiyo. Maneno hayo yameandikwa na madaktari na watafiti. Inakuwa ajabu ikiwa wao watayasema na mimbari zinyamaze.

Nazo mimbari zina lao la kujibu. Imamu akishasema haramu, kijana anayedaiwa na watu wanane aende wapi? Akienda hospitali, mara nyingi hamkuti aliyesomea maradhi yake. Akirudi msikitini atapewa aya anayoijua tangu madrasa. Mahali hapo patupu ndipo kampuni itakapoweka kituo chake cha ushauri, na itamwajiri kijana wa Kiislamu akae mlangoni. Hatuna haki ya kumlaumu anayepokea nauli ya haramu hali ya kuwa hakuna aliyemtolea ya halali. Mnasihi mmoja anayetumwa na jumuiya ya misikiti ya mji mzima kwenda kujifunza anahitaji nini? Hahitaji Las Vegas. Anahitaji nauli ya basi hadi kwenye hospitali ya afya ya akili, posho ya wiki chache, na vitabu. Misikiti iliyojenga minara kwa mamilioni haishindwi na hilo.

Na madeni? Hapa wengi wanakosea kwa kudhani kwamba mcheza kamari hana fungu katika zaka. Aya ya 60 ya Suratut-Tawba imewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane. Ni kweli mafakihi walijadili juu ya aliyekopa kwa ajili ya maasi, lakini An-Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya pwani vizazi kwa vizazi, ameona kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba akitubu hupewa. Na wamesema bora akabidhiwe mdai mwenyewe, kwa idhini ya mdaiwa. Wanaotibu uraibu nao wanasema mtu huyu asipewe fedha mkononi. Fiqhi ilifika hapo karne nyingi kabla ya kongamano la kwanza, wala haikulipiwa hoteli.

Basi ikiletwa barua ya ufadhili, ije kwa mwalimu wa madrasa, kwa muuguzi au kwa kijana aliyesomea saikolojia, na aiandikie jibu lenye maswali kabla ya kujaza fomu. Aulize kwa jina ni nani aliyetoa fedha hizi, na wala asiridhike na jina la kituo, aulize ni nani aliyekipa kituo. Aulize kama wafadhili wana kauli katika kuchagua wazungumzaji na mada. Aulize ni muda gani katika ratiba umetengwa kwa ajili ya kuzungumzia mashine, matangazo na bei, mbali na ubongo wa mgonjwa. Akijibiwa kwamba mfadhili ni mwenye kamari, airejeshe barua, na nakala yake aipeleke kwa kamati ya msikiti wake pamoja na hesabu ya nauli ya kwenda kujifunza kwingine, ili kamati nayo itoe jibu lake kwa maandishi.